Kabla ya Kulipia Tovuti ya Duka Lako

Mwenye duka la mbegu mjini Kitale au fundi wa fanicha Bungoma akitafuta mahali pa kuweka tovuti, hutangaziwa bei nafuu ya mwaka wa kwanza. Uliza bei ya mwaka wa pili, maana ndiyo utakayolipa baadaye. Tovuti ya kurasa chache na picha za bidhaa yaweza kukaa pamoja na nyingine kwenye seva moja; mpango mkubwa ni kupoteza pesa. Zaidi ya yote, anwani inayoishia na .co.ke, iliyo chini ya usimamizi wa KENIC, iandikishwe kwa jina lako, si la aliyekutengenezea. Mkikosana, ataondoka nayo, na wateja wako wapotee. Rahisi ni ghali.