Je, Wajua? Malindi na Sauti ya Roketi
Aliyepata kusafiri baina ya Kibondo na Kasulu ajua jinsi sauti ya idhaa ya FM ififiavyo gari lishukapo bondeni, kwa kuwa mawimbi ya redio ya FM, kama yale ya roketi, hwenda moja kwa moja wala hayauzunguki mlima kwa wepesi; na roketi, hata iwekewe antena pande zote za kiwiliwili chake, ikishatoweka nyuma ya mviringo wa dunia haisikiki tena na kituo ilichokiacha, bali na kilicho mbele. Ndiyo sababu roketi ya Ariane 5, iliyoruka kutoka kituo cha Kourou tarehe 25 Desemba 2021 na darubini adhimu ya James Webb, ilipokezanwa kituo hata kituo mpaka Malindi, pwani yetu azizi, ambako antena iliinasa ishara ya darubini hiyo ilipokwisha kuachana na roketi, yapata dakika 27 baada ya kuruka.