Akina Mama Wafike Barazani: Fedha Kidogo na Kazi Yake



Itoe sandukuni ile barua ya kugawiwa shamba, yako wewe au ya baba yako, ulisome jina lililoandikwa juu yake. Katika mashamba mengi yaliyokatwa chini ya mpango wa Eka Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, jina hilo ni la mwanamume. Aliyepalilia pareto, aliyeamka usiku kukamua na kupeleka maziwa njia panda, mara nyingi alikuwa mkewe. Lakini jina lake halikuandikwa, na kwa sababu hiyo mkutano ulipoitishwa hakuitwa. Ulikuwa mkutano wa wenye mashamba.

Siandiki haya ili kuwagombanisha watu na wake zao. Naandika kwa sababu barua za vikundi vya akina mama hupita mezani kwangu katika ofisi ya kilimo, nami nimeona ni zipi hufaulu na ni zipi hurudishwa.

Vikundi si jambo geni kwetu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kiliundwa mwaka 1952, na miaka ya 1960 akina mama wengi wa sehemu za kati ya nchi walichanga senti zao, mwezi huu mabati ya nyumba ya huyu, mwezi ujao ya yule, mpaka nyasi zikaondoka juu ya nyumba zao. Kazi hiyo ilikuwa njema sana. Lakini mabati hununuliwa dukani. Daraja, josho na maji ya bomba havinunuliwi dukani. Hutengewa fedha katika makadirio ya serikali, na anayeandika makadirio humwandikia yule aliyefika kusema.

Katika skimu moja niijuayo, mto hutenga mashamba ya upande mmoja na mahali pa kupozea maziwa. Palikuwa na daraja la miti, nalo likachukuliwa na mvua za masika. Tangu siku hiyo, mto ukijaa, maziwa ya ng'ambo yalikaa mitungini mpaka yakachacha. Wazee walilieleza jambo hili katika baraza la chifu kwa muda wa miaka mitatu, na kila mara wakaambiwa, "Tumesikia." Na kweli walikuwa wamesikiwa. Kosa ni kwamba chifu ni mtu wa serikali ya taifa, na njia ile ndogo ilikuwa mali ya kaunti. Tangu zamani tumezoea kumwendea chifu kwa kila jambo, lakini mwaka 2013 serikali za kaunti 47 zilishika mahali pa mabaraza ya miji na wilaya, na fedha za njia kama hizo zikaenda huko.

Kikundi cha akina mama wa ng'ambo kikapata ruzuku ya shilingi elfu 60 kutoka kwa shirika linalosaidia wanawake kutetea haja zao. Haukuwa mkopo, wala haikuwa fedha ya kununua kuku. Waume wao walicheka. Elfu 60, walisema, hazitoshi hata mbao za daraja. Walisema kweli, lakini akina mama hawakununua ubao hata mmoja.

Kwanza walinunua madaftari, kila nyumba moja. Kwa miezi miwili ya mvua kila mama aliandika siku, lita alizokamua, lita zilizofika na lita zilizomwagwa. Wasiojua kuandika waliandikiwa na watoto wao wa shule. Kisha wawili wakapewa nauli ya kwenda makao makuu ya kaunti kuomba nakala ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Karani wa kwanza aliwaambia warudi wiki ijayo, na wa pili vivyo hivyo (sisi makarani tuna ugonjwa huu). Hapo wakaandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yamruhusu raia kuomba habari za ofisi ya serikali kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi yapaswa kujibu katika siku 21. Waliandika kwa Kiswahili, wakapata nakala. Daraja lao halikuwamo. Miaka mitatu ya maneno, na katika karatasi halikuwa na hata mstari mmoja!

Jambo la pili lilikuwa saa. Mkutano wa wadi wa kupokea maoni ulikuwa umewekwa saa tatu asubuhi, wakati akina mama wako kwenye foleni ya maziwa. Walimwandikia msimamizi wa wadi wakamwomba auweke saa nane mchana, naye akakubali bila ugomvi. Alisema hakuna aliyewahi kumwomba. Siku hiyo sehemu ya ruzuku ilikodi gari la kuwaleta bibi wazee na mama mmoja asiyeweza kutembea, na msichana mmoja alilipwa awalinde watoto chini ya mti. Mwenye kiti wa kikundi akasimama na madaftari, akasoma jumla ya lita zilizomwagwa nyumba kwa nyumba. Hakutoa hotuba. Wanaume waliokuwa wakicheka walinyamaza waliposikia hesabu za nyumba zao.

Daraja halikujengwa mwaka ule. Liliingia katika mpango wa mwaka uliofuata, na likajengwa mwaka wa baadaye tena. Si daraja zuri sana, ni jembamba na limejengwa juu ya makaravati, lakini mkokoteni wa punda hupita mvua ikinyesha.

Basi kama kikundi chako chataka kufanya hivi, jueni kwanza majira yake, kwa maana fedha za serikali zina majira kama mahindi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ufikishwe katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya mwisho wa Aprili. Anayekuja mwezi wa Mei kuomba daraja jipya amekuja kupanda wakati wenziwe wanavuna. Wakati mzuri ni Juni na Julai, mpango unapoandikwa. Katika Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, mikutano hii ilianzia kijijini na kupanda hatua kwa hatua mpaka kaunti, na watu walichagua kazi ya kwanza wakiwa karibu na nyumba zao. Huko mama hakuhitaji gari la kukodi.

Haki yenyewe imeandikwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yasema katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili, na kifungu cha 196 chalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Ikiwa kamati ya maji ya skimu yenu ina wanaume tisa na mama mmoja anayepika chai, mwajua la kuuliza.

Sasa juu ya fedha. Msichanganye mkopo na ruzuku. Hazina ya Wanawake ya mwaka 2007 na Hazina ya Uwezo ya mwaka 2013 ziliundwa ili kukopesha vikundi kwa ajili ya biashara, na mkopo hulipwa. Ruzuku hairudishwi, lakini hesabu yake hurudishwa, tena kwa senti. Mashirika ya wanawake hutoa ruzuku za namna hii. Mojawapo ni Hazina ya Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, iliyoanza mwaka 2000 na yenye makao yake Accra, Ghana, ambayo husaidia mashirika ya wanawake yaliyosajiliwa. Kikundi kidogo hufika kwa urahisi zaidi kikishikana na shirika lililo karibu.

Kabla ya yote, kikundi kisajiliwe katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii, kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Barua nyingi nizionazo zikirudishwa hazina kosa kubwa. Hazina tarehe. Au zimetiwa sahihi na mtu mmoja tu. Au zaomba "msaada wa maendeleo" bila kusema ni msaada gani, wa kufanya nini, kwa shilingi ngapi. Na mweka hazina asiwe dada ya mwenye kiti. Mimi nimeona kikundi kizuri kikivunjika kwa jambo hilo, na hakuna aliyekuwa ameiba.

Kuna kazi nyingine ambayo ruzuku ndogo imeifanya vizuri, nayo ni kuwalinda wajane. Shirika la GROOTS Kenya, lililoanza mwaka 1995 baada ya mkutano wa wanawake wa Beijing, lilisaidia vikundi vya vijijini vinavyokaa pamoja na wazee na machifu ili mjane asifukuzwe katika shamba la marehemu. Sisi wa skimu twalijua jambo hili kwa uchungu, kwa maana eka zetu zimekatwa mara nyingi na ndugu ni wengi. Kadhalika mfahamu kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani au kukodishwa bila idhini ya maandishi ya mume na mke. Bwana, hata wewe yakulinda.

Akina mama wale wa ng'ambo hawakuyatupa madaftari. Mwezi uliopita walikuja ofisini kuuliza bei ya dawa ya josho, na mmoja alikuwa na daftari jipya kwapani, limefunikwa kwa karatasi ya gazeti. Sasa wanaandika ndama wanaokufa kwa ndigana.