Bwawa la Kuogelea na Afya ya Uke

Baadhi ya wanawake hufika kliniki wakiwashwa ukeni siku chache baada ya kuogelea, wakihofia kisonono, na nyumbani ugomvi umekwisha kuanza. Kisonono na kaswende hayaambukizwi kwa maji ya bwawa. Mhudumu alitamke hilo waziwazi, na mbele ya mume pia iwapo mgonjwa ataridhia.

Uke wenye afya una asidi, pH 3.8 hadi 4.5, itengenezwayo na bakteria walinzi. Maji ya bwawa lililotunzwa vyema huwa na pH 7.2 hadi 7.8, lakini ni machache mno yaingiayo ndani. Klorini huweza kuwasha ngozi ya nje. Nguo mbichi ya kuogelea iliyokaa mwilini saa kadhaa ndiyo huwapa fangasi nafasi. Ibadilishe mara utokapo majini, uoge maji safi, uvae chupi ya pamba. Usijisafishe ndani kwa sabuni wala dawa ya kuua vijidudu, maana huwaua walinzi hao hao. (Harufu kali ya bwawa, tukumbushane, si usafi: ni klorini iliyokutana na jasho na mkojo.)

Ute mweupe mzito kama maziwa mgando, pamoja na muwasho, huashiria fangasi. Wenye harufu ya samaki huashiria bakteria. Dawa zake ni tofauti, hivyo pima kabla ya kununua vidonge dukani.