Gari la 4x4 kwenye potopoto: wapi linasaidia, wapi haliwezi

Mvua zimerudi, na njia ya Kasongo–Kabambare imerudia hali yake tunayoijua. Vikundi vya likelemba vinatuuliza swali moja: makuta yamekusanyika, wanataka kununua gari dogo la 4x4, la mtumba, la kupeleka mizigo sokoni, na siku mama akishikwa na uchungu limfikishe hopitali. Je, gari hilo litaiweza njia yetu? Hata sisi tusio na gari swali linatuhusu. Dereva akitaka kuongeza bei ya nafasi anasema, “Mama, hii ni katre-katre, haikwami.” Neno hilo tunalilipa kwa franka zetu, basi heri tujue maana yake.

Fikirini tipoyi yenye mgonjwa ikishuka mlima wenye utelezi. Wakibeba watu wawili, nguvu zao zote zinaishia kwenye mzigo. Mguu mmoja ukiteleza, hakuna nguvu iliyobaki ya kujirudisha. Wakibeba wanne, kila mmoja ana sehemu ndogo ya uzito, na mguu wake unapata nafasi ya kutafuta pa kukanyaga.

Tairi ni kama mguu huo. Uwezo wake wa kushika ardhi una kipimo, na kipimo hicho kinagawanywa kwa kazi tatu: kusukuma gari, kulipindisha, kulisimamisha. Magari madogo mengi yanavutwa na magurudumu mawili ya mbele tu, na hayo hayo ndiyo yanayokata kona. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, dereva akikanyaga mafuta katikati ya kona, matairi ya mbele yanamaliza uwezo wao wote kwa kuvuta. Usukani umepinda, lakini gari linakwenda moja kwa moja mpaka mtaroni. Nguvu ya injini ikigawanywa kwa magurudumu manne, kila tairi linavuta kidogo na linabaki na uwezo wa kufuata usukani. Hapo ndipo 4x4 inapoishika njia vizuri zaidi, na pia inapanda mlima ambao gari la magurudumu mawili linarudi kinyumenyume.

Mfaransa Michèle Mouton aliuonyesha ulimwengu jambo hili. Mwaka 1981, akiendesha Audi Quattro, gari la magurudumu yote manne, alishinda mashindano ya Sanremo kule Italia. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya ngazi ya dunia ya magari ya rally, na mwaka 1982 alishinda mengine matatu. (Waume wanaosema usukani si wa wanawake wasomewe kipande hiki.) Lakini tusikimbilie kusifu mtambo. Katika Safari Rally ya Kenya, kwenye vumbi na matope yanayofanana na yetu, Toyota Celica inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu ilishinda miaka mitatu mfululizo, 1984 mpaka 1986. Audi ya magurudumu manne ilishinda huko mwaka 1987 tu. Gari gumu na dereva mwenye subira vilikuwa vimeupita mtambo.

Sasa tuje kwenye yale ambayo dereva hatuambii. La kwanza ni breki. Kila gari, hata lile la bei ya chini kabisa, lina breki kwenye magurudumu manne. Kwa hiyo 4x4 haisimami upesi kuliko gari jingine. Mara nyingi ni nzito kidogo, na uzito unataka nafasi zaidi ya kusimama. Hatari iko hapa: linaondoka vizuri kwenye utelezi, dereva anajiona yuko salama, anaongeza mwendo, halafu mbele yake kuna mteremko na daraja la magogo. Kwenye mteremko ashuke kwa gia ya kwanza, injini ilizuie gari, asikanyage breki kwa ghafla. Hapo 4x4 inasaidia kweli, kwa sababu injini inayazuia magurudumu yote manne.

La pili ni tumbo la gari. RAV4 ya kwanza ilitoka mwaka 1994, Honda CR-V mwaka 1995, Subaru Forester mwaka 1997. Ni magari mazuri, lakini tumbo lake liko kama sentimita 20 tu juu ya ardhi. Malori yakipita kwenye potopoto yanachimba mifereji miwili mirefu na kuacha tuta katikati. Gari dogo likikalia tuta hilo, magurudumu yananing'inia, na yakizunguka yote manne hayana cha kushika. Ndipo tunaposhuka sote na majembe, na mgonjwa anangoja kwenye mvua.

Land Cruiser ngumu, zile ambazo mashirika ya misaada yanatumia, ni ukoo mwingine. Tumbo liko juu zaidi, na kuna kiko cha pili kinachompa dereva gia za polepole sana zenye nguvu nyingi. Magari madogo mengi hayana gia hizo. Katika CR-V, kwa mfano, magurudumu ya nyuma yanaitwa kazini baada ya yale ya mbele kuanza kuteleza. Msaada unakuja, lakini umechelewa kidogo.

Kwa kikundi kinachotaka kununua: msiamini maandishi yaliyobandikwa nyuma. RAV4 na CR-V ziliuzwa pia za magurudumu mawili. Inameni mtazame chini: shafti ndefu itoke mbele mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Kama hakuna, au mafundi waliiondoa baada ya kuharibika, mnanunua gari la kawaida kwa bei ya 4x4. Halafu tazameni matairi. Yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamelika sawasawa, la sivyo mtambo unaozigawa nguvu utachoka upesi. Tairi lililolika upara halishiki matope, hata kama gari lina magurudumu manane ya kusukuma.

Maoni yetu ni haya. Kwa kazi za Kasongo mjini, na kwa safari za kiangazi, Juni mpaka Agosti, gari dogo la 4x4 linafaa. Kwa Kabambare wakati wa mvua, tusingeweka makuta ya kikundi humo. Makuta hayo yangesaidia zaidi yakiwekwa kama akiba ya kumleta mama mjamzito Kasongo wiki chache kabla ya siku zake, akae kwa ndugu karibu na hopitali, njia ikiwa bado inapitika.

Na dereva akitaja katre-katre ili aongeze bei, kwanza mwambieni, “Papa, tuonyeshe matairi.”