Hewa ya Mbagala Haisomeki kwa Namba Moja

Siku hizi mkazi wa Dar es Salaam akifungua simu yake huona, pembeni ya nyuzi za joto, namba moja inayoeleza hewa ya jiji zima. Si namba ya uongo. Ila kwa anayeishi Mbagala Rangi Tatu au Tegeta inasema machache mno, na ni vizuri kujua inavyopatikana.

Namba hiyo si kiasi cha uchafu, bali ni fahirisi, alama inayokokotolewa kutokana na kipimo. Mara nyingi kinachopimwa ni chembechembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele mara ishirini na zaidi. Pua na koo haziwezi kuzizuia, hivyo hufika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Huhesabiwa kwa mikrogramu katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza kamba: ukomo wa wastani wa mwaka ukashushwa kutoka 10 hadi 5, na wa saa 24 kutoka 25 hadi 15. Fahirisi ya Marekani, ambayo programu nyingi za simu huitumia, hukipa rangi ya manjano kipimo chochote kati ya 9.1 na 35.4, na kukiita hewa inayokubalika. Kwa hiyo mtu anaweza kuona manjano akatulia, kumbe anavuta zaidi ya mara mbili ya ukomo wa siku uliowekwa na shirika hilo.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye wastani wenyewe. Tuchukulie mtaa ambao kwa saa 20 hewa yake ina mikrogramu 10, kisha kwa saa nne za jioni inapanda hadi 70. Wastani wa siku utakuwa 20. Mama lishe anayeanza kuuza magharibi na kufunga saa nne usiku hajawahi kuivuta hiyo 20. Yeye amevuta 70, tena kila siku.

Kwa nini jioni? Mchana jua hupasha ardhi, hewa hupanda juu, upepo wa bahari huingia, na moshi hutawanyika. Jua likizama ardhi hupoa haraka, hewa ya chini hupoa nayo na kutuama, na moshi hubaki usawa wa pua zetu. Na hizo ndizo saa ambazo majiko ya mkaa huwashwa Tandika na Tandale, daladala na bodaboda hujazana Barabara ya Kilwa, na taka za uani huchomwa. Mkaa hutoa moshi mwingi zaidi wakati wa kuwashwa, hasa ukiwashwa kwa vipande vya plastiki. Alfajiri hali hiyo hujirudia kabla jua halijapata nguvu. Siwalaumu wanaochoma taka. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mbali mno na Bunju, na gari la taka halipiti kila kichochoro. Lakini plastiki ikiungua uani, watoto wa nyumba hiyo ndio wa kwanza kuivuta.

Upande wa Tegeta, Wazo na Kunduchi kisa ni tofauti. Huko kuna kiwanda cha saruji, machimbo ya kokoto, malori na barabara za mitaa zisizo na lami. Vumbi lake kwa sehemu kubwa ni la chembe nene, nalo hukera macho na kuwasumbua wenye pumu. Vipimo vya bei nafuu, vinavyotumia mwanga kuhesabu chembe, huzikosa nyingi za namna hiyo. Hivyo mkazi anaweza kufuta vumbi mezani mara tatu kwa siku huku simu ikimwambia hewa ni safi.

Tena mahali pasipo na kipimo, namba hukadiriwa kwa picha za setilaiti na hesabu za kompyuta. Kampala wamepiga hatua: tangu 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vipimo na kuvitawanya mitaani. Sisi sheria tunayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, pamoja na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lipo kuzisimamia. Serikali pia imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Mkakati huo utapunguza moshi wa Mbagala kwa kiasi gani? Hilo litajibiwa tu kama vipimo vitafungwa sasa, wakati mkaa bado umetawala. Vifungwe kwenye shule za msingi, masoko na vituo vya daladala vya Temeke na Kinondoni, na matokeo yatolewe saa kwa saa, yabandikwe hata kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, ambako asiye na simu janja naye atayasoma.