Gari la Safari Lenye Malazi: Karatasi Itangulie Msumeno

Likizo za shule zinapokaribia, familia nyingi za mwambao huanza kupiga hesabu ya safari: Lamu, Malindi, Taita au bara. Kwa nyumba yenye watoto sita na bibi yao, vyumba vya hoteli ni mzigo, na bado kuna masuala ya stara, chakula na mahali pa kuswalia. Ndiyo maana baadhi yetu hufikiria kununua vani iliyotumika, kung'oa viti vya nyuma, na kutia kitanda, kabati, jiko na tangi la maji. Wazo ni jema, na ufundi tunao: mafundi wa nchi hii wamezoea kukata mapaa ya magari ya kitalii ili wageni wasimame wakitazama ndovu wa Tsavo. Lakini gari likibadilika umbo, hubadilika pia mbele ya sheria na mbele ya bima.

Kitabu cha gari kiseme kweli

Kitabu cha gari hakithibitishi umiliki pekee. Ndani yake mumeandikwa aina ya bodi, rangi, idadi ya abiria na uzito wa gari likiwa tupu. Viti vikitolewa, idadi ya abiria si ile tena. Mbao na betri zikiingia, uzito hupanda. Paa likiinuliwa, bodi si ile iliyosajiliwa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari amjulishe msajili maelezo hayo yanapobadilika. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa NTSA. Maombi hupitia eCitizen, na gari hupelekwa kituo cha ukaguzi, kama kile cha Miritini kwa walio Mombasa.

Twashauri mkaguzi aulizwe mapema, mchoro ukiwa mkononi, kabla fundi hajashika msumeno. Mchoro ukikataliwa huchorwa mwingine. Gari lililokwisha kukatwa likikataliwa, akiba ya miaka imepotea.

Yanayolinda roho

Mkaguzi hutazama breki, usukani, taa, matairi na chasisi. Mengine ni juu yetu wazazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi juu, bali hutuama sakafuni ikingoja cheche. Basi mtungi usimamishwe wima na kufungwa imara, ndani ya sanduku lililotengwa na mahali pa kulala, lenye tundu chini la kutolea gesi nje ya gari. Jiko la makaa lisiingizwe garini kabisa, hata likidhaniwa limezimika. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kitanda ni cha gari lililosimama. Gari likiwa mwendoni, kila msafiri, mkubwa kwa mdogo, akae kwenye kiti kilichofungwa barabara kwenye bodi na ajifunge mkanda. Viti vikiwa vitano, wasafiri ni watano.

Bima na uaminifu

Sura ya 405 ya sheria zetu inalazimisha kila gari la barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu. Bima hiyo ni haki ya mpita njia aliyejeruhiwa au ya warithi wa aliyefariki, na kiwango ambacho kampuni hulazimika kulipa kina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Haitengenezi gari lenu wala hailipi kitanda kilichoungua. Kwa hayo huhitajika bima kamili.

Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeikata. Mkiandikisha vani ya kawaida, kumbe ndani mna jiko na mtungi wa gesi, kampuni itakuwa na hoja ya kukataa madai yenu. Mkitaja bei ya kununulia pekee na kuacha gharama za fundi, fidia nayo itakuwa pungufu. Basi kampuni iarifiwe kabla ya kazi, mthamini alitazame gari baada ya kazi, na kukubali kwa kampuni kuwe kwa maandishi. Tukumbuke pia kwamba bima ya matumizi ya binafsi si ya gari la kukodisha. Anayempa jirani gari kwa malipo, hata mara moja, amebadili matumizi yake.

Wanaopendelea takaful wataipata hapa Kenya. Humo washiriki huchangia mfuko mmoja wa kusaidiana, na sharti la kusema kweli lina uzito zaidi, kwani mwenye kuficha hula haki ya wenzake.

Akina mama, ambao mara nyingi akiba zao za chama ndizo hulipia kazi kama hii, wana haki ya kuziona karatasi tatu kabla ya safari ya kwanza: kitabu cha gari kilichorekebishwa, cheti cha ukaguzi, na hati ya bima inayolitaja gari kama lilivyo sasa. Moja ikikosekana, safari na ingoje. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote. Wabillahi tawfiq.