Maumivu yana majina, tuyataje mbele ya daktari

LONDON – “Mwambie daktari, mwanangu, miguu inawaka moto, usiku inachomachoma kama sindano, na nikiamka imekufa ganzi.”

Hayo ni maneno ya bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, ndani ya kliniki ya maumivu ya hospitali moja hapa London. Mjukuu wake wa miaka 12 akamgeukia daktari, akasema kwa Kiingereza: miguu inamuuma. Basi.

Sisi tulikuwa tumewaleta kwa gari tu, lakini ikabidi tuingilie kati, kwani ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani ya yale maneno yaliyoachwa. Kuwaka, kuchomachoma na ganzi ni dalili za mishipa ya fahamu iliyodhurika, na bibi ana kisukari cha miaka mingi. Maumivu ya namna hiyo mara nyingi hayasikii Panadol.

Mwaka 1975 Ronald Melzack, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Canada, alitoa dodoso lenye maneno 78 ya kuelezea maumivu, kwani kuuliza “yanauma kiasi gani?” hakutoshi. Waswahili nasi tunayo yetu. Kipandauso hupwita, mara nyingi upande mmoja wa kichwa. Mkanda wa jeshi huweza kuiacha ngozi ikiwaka hata baada ya vipele kupona. Maumivu yanayotoka kiunoni na kushuka mguuni kama umeme huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa. Goti lililolika hukaza asubuhi na kuuma linapobeba uzito. Kila neno humwelekeza daktari kwenye njia yake.

Hapa Uingereza, anayekupeleka kliniki ya maumivu kwa kawaida ni daktari wako wa mtaa, pale maumivu yanapokuwa sugu, yaani yamezidi miezi mitatu. Huko utamkuta daktari wa maumivu, ambaye mara nyingi ni yule wa nusukaputi, pamoja na manesi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na wa saikolojia. Wapo wanaochomwa sindano karibu na mshipa, wapo wanaobadilishiwa dawa, na wengi hufundishwa kujinyoosha na kugawa kazi za siku bila kujichosha. Mwaka 2021, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, ilielekeza kuwa maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine yasianzishiwe Panadol wala dawa za jamii ya afyuni. Mazoezi na tiba ya mazungumzo ni miongoni mwa mambo yaliyopendekezwa.

Bibi yetu aliandikiwa amitriptilini kidogo, ya kunywa usiku. Wiki haikuisha akaitupa. Mjukuu alikuwa amesoma karatasi ya dawa, akakuta imeandikwa ni ya watu wenye huzuni kubwa. “Kumbe wananiona mwehu!” alisema bibi. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, hutuliza mishipa ya fahamu.

Ndugu wasomaji, tumelelewa kuambiwa tujikaze, na uvumilivu ni sifa njema. Lakini kujikaza mbele ya daktari ni kumfunga macho. Ukipewa miadi, omba mkalimani mapema. Katika hospitali za serikali hapa Uingereza hulipi kitu. Mtoto asibebeshwe mzigo huo, maana yapo mambo ambayo bibi hawezi kuyasema mbele ya mjukuu. Na ikiwa maumivu ya mgongo yanakuja na ganzi baina ya mapaja, au mkojo kuziba au kutoka wenyewe, usingoje kliniki: nenda hospitali saa ile ile.

Safari ya pili bibi alikuwa na mkalimani, mwanamke wa makamo kutoka Mombasa. Walizungumza kwa kirefu, na dawa akairudia. Maumivu hayajaisha. Alipoulizwa ayape alama kati ya 0 na 10, alisema yalikuwa 8, sasa ni 5. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa: “Siku hizi nalala.”